Pilipili kwenye miche, kanga hata hasikii

Hii ya kumwaga unga wa pilipili kwenye viriba na ndoo za miche eti wanyama wasichimbue, tumeirithi tu jamani. Panya na kindi kweli inawawasha, ila ukimwagilia mara mbili tatu imeshaondoka. Ndege ndo kabisa, kanga na kuku hawausikii ule muwasho, ndo maana ndege wanakula pilipili kichaa na kusambaza mbegu zake, sasa we unamwekea kiungo halafu unashangaa mparachichi umelala chini. Na wala kanga hautaki mti wenyewe, anatafuta wadudu kwenye udongo laini. Kata wavu wa kuku duara, acha tundu la shina, laza juu ya udongo, bana na mawe. Tundu liwe pana kidogo, shina linanenepa.