Kipimo cha moyo cha mazoezi kikitoka na kasoro: maana yake na kinachofuata

Majibu ya kipimo cha mazoezi yakiandikwa kwamba si ya kawaida, maana yake ni kwamba moyo ulipoongezewa kazi ilijitokeza dalili ambayo haikuwepo ukiwa umepumzika. Kipimo hakijasema ni mshipa gani wenye shida, umeziba kiasi gani, wala kama umeziba kweli. Watu wengi wakisikia neno kasoro, wapo wanaoanza kuaga familia, na wapo wanaokunja karatasi na kuiweka kabatini kwa sababu hawaumwi. Wote wawili wamekosa kitu kilekile: kujua kasoro hiyo ni ya kiwango gani. Kiwango ndicho kinachoamua kama utarudi kliniki mwezi ujao au utalazwa leo.

Kwa kawaida kipimo hufanyika kwenye tredimili, ile mashine ya kutembea palepale. Unabandikwa vibandiko vya kusoma umeme wa moyo kifuani, unafungwa kipimo cha presha mkononi, unaanza kutembea. Utaratibu unaotumika zaidi duniani ulitungwa na daktari wa Marekani, Robert Bruce, miaka ya 1960. Kila baada ya dakika 3 mashine inaongeza mwendo na mwinuko. Hatua ya kwanza ni kilomita 2.7 kwa saa, mwendo wa pole kabisa ila wa kupanda. Ya pili ni kilomita 4, na hapo wengi huanza kuhema. Lengo ni mapigo ya moyo yafike angalau asilimia 85 ya kiwango cha juu, ambacho hukadiriwa kwa kutoa umri wako kwenye 220. Mtu wa miaka 60 kiwango chake cha juu ni 160, kwa hiyo anatakiwa kufika 136 hivi.

Mshipa wa moyo uliosinyaa unaweza kupitisha damu ya kutosha ukiwa umekaa. Ukipanda ngazi, moyo unataka damu nyingi zaidi na mshipa hauwezi kuitoa. Msuli wa moyo unakosa oksijeni, na kwenye mchoro wa umeme sehemu inayoitwa ST inashuka. Ikishuka milimita 1 au zaidi kwa namna inayotambulika, daktari anaandika kwamba kipimo kina kasoro.

Lakini milimita peke yake haitoshi. Madaktari wengi hutumia hesabu iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na inafaa kuijua kwa sababu unaweza kuifuata mwenyewe. Chukua dakika ulizotembea kwa utaratibu wa Bruce. Toa milimita za ST mara 5. Kisha toa alama ya maumivu ya kifua mara 4: 0 kama hukuumwa, 1 kama uliumwa lakini ukaendelea, 2 kama maumivu ndiyo yaliyokusimamisha. Tuseme mama mmoja ametembea dakika 9, ST imeshuka milimita 1, hakuumwa popote: 9 toa 5, anabaki na 4. Mzee mwingine amesimama dakika ya 4, ST imeshuka milimita 2, kifua kimembana mpaka akaomba mashine izimwe: 4 toa 10 toa 8, amefika hasi 14. Alama 5 na kuendelea ni hatari ndogo, hasi 11 na kushuka ni hatari kubwa, katikati ni hatari ya wastani. Wote wawili wataandikiwa kasoro, lakini mama ana nafasi ya kupimwa zaidi bila haraka, na mzee anahitaji kuonana na daktari bingwa wa moyo mara moja. Vivyo hivyo kwa yule ambaye presha yake ilishuka badala ya kupanda akiwa anatembea, au mapigo yalivurugika vibaya.

Tena kuna kasoro ambazo si za mshipa kabisa. Kipimo hiki hudanganya zaidi kwa wanawake. Hudanganya pia pale ukuta wa moyo ulipokuwa mnene kwa sababu ya presha ya muda mrefu, jambo la kawaida sana kwetu. Upungufu wa damu, potasiamu kuwa chini, na dawa ya moyo iitwayo digoksini navyo vinaweza kuushusha mstari huo wa ST. Kwa hiyo daktari akiagiza kipimo kingine, usidhani anakutafutia gharama. Anataka kujua kama cha kwanza kilisema kweli.

Kipimo hicho cha pili mara nyingi ni eko ya mazoezi: picha za moyo za ultrasound zinapigwa kabla na mara baada ya kutembea, au moyo unaharakishwa kwa dripu ya dobutamini kwa asiyeweza kutembea. Sehemu ya ukuta wa moyo inayokosa damu huonekana ikijikaza kwa uvivu. Njia nyingine ni CT ya mishipa ya moyo, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, inayoonyesha mishipa yenyewe kwa kutumia dawa ya rangi yenye madini ya iodini. Kabla yake utapimwa figo. Mwenye kisukari anayetumia metformini aseme mapema, na aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo ya rangi aseme pia.

Wenye hatari kubwa mara nyingi hupelekwa moja kwa moja kwenye katheta. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono au wa kwenye nyonga mpaka kwenye moyo, wewe ukiwa macho, kisha dawa ya rangi inaonyesha palipoziba. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam, inafanya kazi hii. Nairobi na Kampala pia inafanyika. Ikibidi, hapohapo mshipa unazibuliwa kwa puto na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia ubaki wazi.

Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hushangaa kulisikia. Si kila mshipa uliosinyaa unahitaji stenti. Utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, uliotoa matokeo yake mwishoni mwa 2019, ulifuatilia wagonjwa 5,179 katika nchi 37, wote wakiwa na vipimo vibaya vya wastani au vikali. Nusu walipelekwa kwenye katheta mapema, nusu wakaanza na dawa peke yake. Vifo na mishtuko ya moyo havikutofautiana kwa maana. Walionufaika zaidi na kuzibuliwa ni wale waliokuwa wakiumwa kifua mara kwa mara, kwa sababu maumivu yalipungua. Utafiti huo haukuwahusu wenye mshipa mkuu wa kushoto ulioziba. Hao kwa kawaida huzibuliwa au hupandikiziwa mishipa kwa upasuaji. Kwa hiyo ukiambiwa uanze na dawa, hujatelekezwa.

Dawa zenyewe huanza mara nyingi kabla hata kipimo cha pili hakijafanyika: statini ya kushusha lehemu, aspirini ndogo kwa asiye na vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, na naitreti ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Statini huisikii ikifanya kazi, ndiyo maana watu huiacha, na inaniuma kila nikisikia mtu kaiacha kwa sababu anajisikia vizuri. Aliyewekewa stenti anaongezewa klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, na kuiacha ghafla kunaweza kuigandisha damu ndani ya stenti. Hata daktari wa meno akikwambia uisimamishe, mpigie kwanza daktari wako wa moyo.

Na hili lisemwe wazi, hata kama ni la aibu mbele ya watoto: naitreti haikai pamoja na dawa za nguvu za kiume. Zikikutana presha inaanguka vibaya. Ukishameza sildenafili usiguse naitreti kwa saa 24, na tadalafili saa 48. Unga wa mitishamba unaouzwa kwa kazi hiyo nao si salama, kwa sababu baadhi yake umekutwa umechanganywa na sildenafili kwa siri.

Wakati unasubiri, usibebe magunia wala kuanza mbio mpya. Kutembea kwa kadiri aliyokuruhusu daktari ni sawa. Kifua kikibana, kaa chini, weka naitreti. Dakika 5 zikipita bila nafuu, nenda hospitali yenye huduma ya dharura, si duka la dawa, na uendeshwe na mtu mwingine.

Siku ya kliniki beba karatasi zenye michoro ya kipimo chenyewe, si ripoti peke yake, na upige picha kwenye simu, maana faili hupotea kati ya hospitali moja na nyingine. Uliza: nilitembea dakika ngapi, ST ilishuka kiasi gani, presha ilipanda au ilishuka? Kama dawa zinakushika vizuri na huna dalili mpya, kurudia kipimo cha mazoezi kila mwaka si lazima. Kinarudiwa pale hali inapobadilika: ngazi uliyokuwa ukipanda bila shida imeanza kukusimamisha katikati.