Paa jipya la Mazda MX-5 halithibitishi kuwa bodi ni nzima

Wanunuzi wengi wa MX-5 za 1989 hadi 2005, magari madogo ya viti viwili yenye paa la kitambaa linalokunjwa, hukagua kitambaa hicho kwanza, na wakikikuta kipya huridhika. Hapo ndipo wanapopotea. Paa lililochanika hubadilishwa, kazi ikaisha. Kinacholiua gari hili ni kutu ya vizingiti vya bodi chini ya milango, hasa mbele ya magurudumu ya nyuma, na huanzia ndani.

Maji ya mvua yanayotiririka kwenye paa hukusanywa nyuma ya viti, yakashuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari. Majani na vumbi vikiziba mrija, maji hufurika ndani ya kizingiti chenye tabaka mbili za bati. Rangi ikianza kufura nje, ndani kumeshaoza.

Fungua paa, umimine taratibu kama nusu lita ya maji kwenye tundu la kila mrija. Yasipotoka chini mbele ya gurudumu la nyuma, mrija umeziba. Uzibue kwa waya laini wa plastiki, kwani wa chuma huweza kuutoboa. Inua zulia nyuma ya viti, upapase unyevu. Kisha pitisha sumaku kwenye kizingiti: isiponata, hapo pamejazwa puti, yaani lahamu ya kufukia mashimo ya bati. Rangi nzito mpya upande wa chini pekee nayo ni ya kutiliwa shaka. Kukata na kuchomelea bati jipya pande zote mbili huweza kugharimu kuliko paa lenyewe, kwa hiyo afadhali paa bovu juu ya bodi kavu.