Moore hakusema hivyo

Barazani Mkunguni, hapa Lamu, utaambiwa: "Ngoja kwanza, ami, usinunue laptopu. Kuna sheria ya Moore: kila miezi 18 kasi huwa maradufu na bei hushuka nusu." Sivyo.

Mwaka 1965 Gordon Moore, mhandisi wa Marekani, aliandika juu ya idadi ya vijenzi (visehemu vidogo vya umeme) kwenye chipu moja ya kompyuta, si kasi. Aliona inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha: kila miaka miwili. Nayo si sheria ya maumbile, ni makisio yake tu.

Diski, zinazohifadhi data, hazimo kabisa katika makisio hayo, ingawa nazo zimebadilika sana. Ile ya kwanza ya kampuni ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja pana kama sinia la biriani, na zote pamoja zilibeba takriban megabaiti 5: picha moja au mbili za simu yako. Leo memori kadi ya gigabaiti 64 ni ndogo kama ukucha; ukipiga chafya dukani umeipoteza.

Kasi ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, kwa upande wake ilikwama kwenye gigahezi (kipimo cha kasi hiyo) chache tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa sababu ya joto. Ndipo watengenezaji wakaanza kuongeza viini, yaani prosesa kadhaa ndani ya chipu moja. Anayengojea gigahezi 20, basi, aagize kahawa nyingine.