Elimu inayomlenga mtoto: maana yake katika darasa la awali

Mtoto wa miaka mitano aliyekulia Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, anaingia darasa la awali akiwa ameshaokota korosho. Amefuatana na bibi yake shambani, anajua kuinyofoa korosho kwenye bibo, na akiishika tu anakwambia kama ni nzuri au imesinyaa. Mwalimu anayeanzia hapo, kwenye kile mtoto anachokijua, ndiye anayefundisha kwa kumlenga mtoto.

Dhana yenyewe ni hiyo: somo linapangwa kwa kufuata umri wa mtoto, uwezo wake na mazingira yake. Mtoto anashika, anapanga, anauliza, anakosea, anarudia. Mwalimu anaandaa vifaa, anatazama kwa makini, kisha anauliza swali la kumsogeza hatua moja.

Chukua korosho kumi na nane juu ya mkeka na watoto wanne. Mwalimu anasema, "Gawaneni sawasawa." Wanagawana moja moja mpaka kila mmoja ana nne, zinabaki mbili. Kimya. "Sasa hizi tunazifanyaje?" Mmoja anasema zipasuliwe. Mwenzake anamkatalia hapo hapo: ganda bichi lina mafuta, yatawababua mikono! Wanabishana, na katika ubishi huo wameshakutana na kugawanya, baki na nusu kabla ya kuona alama yoyote ubaoni. Mimi naona hilo ni somo zito kuliko kuimba moja mpaka ishirini kwa pamoja.

Wazo hili lina historia ndefu. Friedrich Fröbel alianzisha shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, akiujenga ujifunzaji juu ya mchezo. Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa watu maskini jijini Roma, akawapa vifaa vya kushika kwa mikono yao. Kwetu Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mtaala uliofuata ukasisitiza michezo na kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zilizotengwa na kuwekewa vifaa vya shughuli fulani.

Kona hizo hazihitaji vifaa vya dukani. Vifuu, vizibo vya soda, makombe ya pwani ya Mikindani, mchanga wa kuandikia kwa kidole: vyote vinatosha. Kinachokwamisha hasa ni wingi wa watoto. Darasa likijaa kupita kiasi, mwalimu hana budi kuwagawa makundi, moja likae naye mkekani huku mengine yakiwa kwenye kona, kisha wabadilishane.

Wazazi wengi huuliza, "Mbona daftari jeupe? Kutwa nzima wanacheza tu?" Wana haki ya kuuliza, na wajibiwe vizuri. Kumlenga mtoto si kumwachia afanye apendavyo. Mchezo wa korosho ulipangwa, idadi ilichaguliwa makusudi ili zibaki mbili.

Kumlenga mtoto kunagusa hata lugha. Wapo wanaofika darasani nyumbani wakisema Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Mtoto wa namna hiyo akinyamaza, mara nyingi jibu analo, neno la Kiswahili ndilo bado hana. Mwache aonyeshe kwa vidole au aseme kwa lugha ya mama yake, kisha mpe neno hilo taratibu, korosho ikiwa bado mkononi mwake.