Kwenda Shela kwa kubisha

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, mtoto wa nahodha hapa Amu (mji wa Lamu), aliandika kwenye jaribio kwamba mashua iliyokwenda kijiji cha Shela ikarudi ilikuwa na velositi ya wastani ya kilomita 4.5 kwa saa. Nikamtia kosa: jibu ni sufuri. Akaja juu: "Mwalimu, chombo kimetembea saa mbili nzima, velositi itakuwaje sufuri?"

Hasira yake ilikuwa ya haki. Nilikuwa nimewakaririsha fomula tu, kuelewa nikawaachia wenyewe.

Tukaenda ukutani, tukaangalia bahari. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3. Kusi inapovuma, upepo unakukabili kwa omo, yaani mbele ya chombo, na tanga halisukumi chombo moja kwa moja dhidi ya upepo. Lazima ubishe: unakata kuelekea kisiwa cha Manda ng'ambo, unageuza, unarudi upande wa mjini, unageuza tena. Tuseme kila mkato unaachana na upepo kwa nyuzi 60 (na mkondo wa maji tuusahau kwanza). Nikamwambia achore kwa kijiti mchangani: kilomita moja kushoto, kilomita moja kulia. Akapata pembetatu ya pande sawa. Yaani umetembea kilomita 2, umesogea Shela kilomita 1. Ukigeuza mara nne au mara ishirini, jumla ni ileile: kilomita 6 za maji ili ufike mahali palipo kilomita 3.

Zile 6 ni umbali. Zile 3, pamoja na upande wa Shela, ndizo mhamo. Usipotaja upande hujataja mhamo. Umesema urefu tu.

Safari ikichukua saa moja na nusu, mwendokasi wa wastani, yaani umbali ugawe kwa muda, ni kilomita 4 kwa saa. Velositi ya wastani, yaani mhamo ugawe kwa muda, ni kilomita 2 kwa saa, kuelekea Shela. Chombo ni hichohicho na saa ni hizohizo. Kilichobadilika ni swali unalouliza.

Kurudi, upepo uko tezi, nyuma ya chombo: kilomita 3 kwa nusu saa. Sasa jumlisha. Umbali ni 9, saa 2, mwendokasi 4.5. Hapo kijana alipatia. Lakini mashua imefungwa palepale ilipofunguliwa, mhamo wa safari nzima ni sufuri, na sufuri ukiigawa kwa saa mbili inabaki sufuri. Haina maana kwamba chombo kilisimama. Katikati ya maji kilikuwa na velositi kila dakika, tena ilibadilika kila tanga lilipogeuzwa, hata kama mwendokasi ungebaki uleule.

Vitabu vingi hufundishia haya kwa gari barabarani. Kwa mtoto wa Lamu, aliyezoea punda na vyombo, sioni sababu.

Kijana aliutazama mchoro wake kitambo, kisha akasema: "Kumbe abiria hulipa mhamo, baba anapiga umbali."

Nikamrudishia alama yake moja.