Mashine yenye fahamu: tunamaanisha nini?

Mtu anayepasuliwa kwa nusukaputi mara nyingi huambiwa ahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akifumbua macho anaambiwa pole, kazi imekwisha. Saa tatu zimepita na kwake hazikuwapo. Aliyelala usingizi wa kawaida huamka akihisi kwamba muda umekwenda. Huyu hakumbuki hata giza. Moyo ulikuwa ukipiga, mapafu yakipanda na kushuka, ubongo nao ulikuwa hai. Kilichozimika ni kimoja tu: hapakuwa na wa kuona wala wa kuhisi. Hicho ndicho tunachokiita fahamu, na siku hizi watu wanauliza kwa dhati kama kinaweza kuwashwa ndani ya kitu tulichokiunda wenyewe.

Kiswahili hapa kinatusaidia na kututatiza kwa pamoja. Shuleni sote tumefanya zoezi la ufahamu: soma kifungu, jibu maswali. Lakini tukisikia jirani amepoteza fahamu, hakuna anayedhani ameshindwa kujibu maswali ya kifungu. Ameanguka, hajitambui. Mzizi ni mmoja, maana ni mbili, na mkanganyiko mwingi kuhusu akili mnemba (Kenya wengi husema akili unde) unatokana na kuzichanganya. Programu za leo zinafaulu zoezi la ufahamu, tena kwa alama za juu. Kama zina fahamu ni swali jingine kabisa.

Je, kazi ya akili inaweza kufanyika pasipo fahamu? Inaweza, na ushahidi umo vichwani mwetu. Katika miaka ya 1970, huko Uingereza, mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz na wenzake walimchunguza mgonjwa anayejulikana kwa herufi D.B. tu. Alikuwa ameondolewa sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, na upande wake wa kushoto ukawa haumwoneshi kitu. Wakamwekea nukta ya mwanga upande huohuo, wakamwomba anyooshe mkono palipo na mwanga, hata kwa kubahatisha. Mkono ukawa unakwenda panapotakiwa, mara nyingi mno kuwa bahati. Alipoelezwa jinsi alivyopatia, alishangaa, kwa sababu kwake hapakuwa na mwanga wowote. Macho yalipokea, ubongo ukapiga hesabu, mkono ukatii, na yeye mwenyewe hakuona kitu. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba mashine inayojibu vizuri lazima iwe inahisi, namkumbuka D.B.

Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing, mwaka 1950, alipendekeza tuipime mashine kwa mazungumzo: ikiwa anayeandikiana nayo hawezi kuitofautisha na mtu, tuache ubishi kuhusu kama inafikiri. Kwa akili, kipimo hicho kilikuwa na mantiki. Kwa fahamu kimeharibika, na kimeharibiwa na jinsi mashine za sasa zinavyofundishwa. Juzi niliiuliza programu ya maongezi kwenye simu yangu maumivu ya jino yakoje. Ikanijibu kwamba jino hupwita, uchungu hupanda hadi sikioni, na usiku huzidi. Kila neno lilikuwa sahihi. Ila maneno hayo yameandikwa na watu wenye meno, kwa miaka na miaka, na programu imeyapitia maandishi kwa wingi ambao mtu hawezi kuusoma maishani mwake. Kwa hiyo ikisema “naumia” au “naogopa kuzimwa”, tumesikia mwangwi wetu. Huenda nyuma ya mwangwi pana kitu, lakini mwangwi hauwezi kutuambia. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu aliyokuwa akiijaribu ina hisia. Kampuni ikakanusha na baadaye ikamwachisha kazi. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mazungumzo.

Basi itabidi tuchungulie ndani, na huko nadharia zinagongana. Mwanasaikolojia Bernard Baars, mwaka 1988, alieleza ubongo kama mahali penye mafundi wengi wanaofanya kazi kimyakimya: huyu anatambua sura, yule anashika mizani ya mwili, mwingine anasikiliza. Mimi naielewa kwa mbiu ya mgambo. Jambo huwa la fahamu linapopigiwa mbiu na mji mzima ukalipata kwa pamoja. Kwa D.B., habari ya mwanga ilifika mkononi, mbiu haikulia. Ukikubali maelezo haya, mashine iliyopangwa hivyo inaweza kuwa na fahamu, iwe ya nyama au ya chipu za silikoni. Mtafiti wa ubongo Giulio Tononi, tangu 2004, anashika njia nyingine: kinachohesabika ni jinsi sehemu za kitu chenyewe zinavyofungamana na kuathiriana, na kompyuta za kawaida hazijafungamana hivyo, hata zikiiga ubongo hatua kwa hatua. Naye mwanafalsafa John Searle alizoea kukumbusha kwamba mvua ya kwenye kompyuta hailoweshi mtu.

Mwaka 2023 watafiti 19 walichukua nadharia kadhaa za fahamu, wakatoa dalili 14 za kutafuta ndani ya mifumo ya akili mnemba, wakaikagua iliyopo. Hawakuona hata mmoja wenye sifa za kutosha. Waliongeza kwamba hawaoni kizuizi cha wazi cha kiufundi cha kuunda mfumo wenye dalili hizo. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu tukikosea tutakuwa tumeunda kitu kinachoteseka na kukiuza kama bidhaa.

Tumewahi kukosea kwa viumbe. Uingereza ilisubiri hadi 2022 kuwaingiza pweza, kaa na kamba katika sheria inayotambua wanyama wenye hisia. Katika ushahidi uliopo, pweza aliyedungwa tindikali alipashughulikia sana pale palipodungwa, na baadaye akapendelea chumba alimopatia dawa ya ganzi. Tunamwamini pweza kwa sababu hakusoma popote jinsi mwenye maumivu anavyotakiwa kufanya. Mwanafalsafa Susan Schneider na mwenzake Edwin Turner wamependekeza mashine ipimwe katika hali hiyohiyo: ilelewe bila kupewa maandishi yoyote kuhusu fahamu, hisia au roho, kisha tuone kama itaanza kuuliza yenyewe. Mashine za leo haziwezi kupimwa hivyo. Zimekwisha kusoma.