Kaktasi ya Maua Mekundu: Miiba Hudanganya

Wengi huamini kaktasi zenye maua mekundu za jenasi Echinocereus, kusini-magharibi mwa Marekani, hutambulika kwa miiba. Sivyo. E. triglochidiatus huwa na miiba minene, lakini baadhi yake Utah na Colorado haina hata mmoja! Anza na ua: petali ngumu zenye ncha butu, stigma (ncha ya kike inayopokea chavua) ya kijani, na halifungi usiku. E. fendleri, yenye ua la zambarau, hulifunga. Kisha gusa vyavulio (vifuko vya chavua) vya ua lililochanua leo. Vikiwa vitupu, elekea E. coccineus, spishi nyingine yenye maua mekundu, ambayo mara nyingi hutenganisha jinsia: mmea mmoja dume, mwingine jike. Chavua ikiwapo, hujathibitisha kitu, maana mmea dume wa E. coccineus nao unayo. Kagua mimea mingine ya jirani. Usiing'oe.